Feni ya Umeme Kwenye Hilux ya Dizeli: Kazi Iko Kwenye Waya

Mwenye pikapu ya zamani inayochemsha kwenye foleni hachukui muda kupewa ushauri huu gereji: toa feni ya mkanda, funga ya umeme, shida imekwisha. Ushauri huo una ukweli, lakini umeruka nusu ya kazi. Nilifuatilia badiliko hilo kwenye Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8, gari la mizunguko ya Dar es Salaam, kuanzia uchunguzi hadi majaribio ya barabarani. Lilifanikiwa, na sababu za kufanikiwa kwake ndizo zinazostahili kuchambuliwa. Kufunga feni yenyewe kulikuwa kazi nyepesi kuliko zote.

Feni ya asili ya injini hii imekaa kwenye shafti ya wota pampu na huzungushwa na mkanda. Injini ikienda kasi, nayo inakwenda kasi; gari likisimama kwenye taa, inazubaa, wakati ambapo hakuna upepo wa barabarani wa kuisaidia rejeta. Upande wa pili kuna hasara nyingine. Hewa inayovutwa na feni huongezeka sawa na mizunguko, lakini nguvu inayodaiwa huongezeka kwa kipeo cha tatu. Mizunguko ikipanda mara 4, hewa inapanda mara 4, na nguvu mara 64. Ndiyo maana watengenezaji waliweka klachi ya feni, yenye mafuta mazito ya silikoni na springi inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa ya moto, klachi inashika. Ikipoa, inaiachia feni izunguke kivivu.

Vitz na Corolla za leo hazina habari hiyo. Injini zao zimelala kikingamo, shafti haielekei rejeta, hivyo feni ya umeme ni ya lazima tangu kiwandani. Kwenye Hilux ya zamani ni uamuzi wa mwenye gari, na uamuzi unahitaji sababu.

Uchunguzi kabla ya spana

Fundi alianza kwa kukataa kufungua chochote. Injini ikiwa imepata moto na kuzimwa, aliisukuma feni kwa kidole. Ilizunguka kwa ulaini kama gurudumu la baiskeli lililogeuzwa juu chini. Klachi nzima ingeleta ukinzani na kusimama mapema. Hii mafuta yake yalikwishavuja. Hapo chanzo cha kuchemsha kwenye foleni kilijulikana.

Hata hivyo hakuishia hapo. Alipima joto la uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mwanga, akitafuta sehemu iliyobaki baridi katikati ya eneo la moto, maana hapo mirija imeziba. Aliosha mapezi yake kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili vumbi na mbegu za nyasi zirudi zilikotoka. Aliangalia mapovu kwenye maji, dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Akabadilisha mfuniko wa rejeta, kwa sababu presha ndiyo inayozuia maji kuchemka mapema: kwenye presha ya baa 1 juu ya ile ya hewa, maji huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100.

Hatua hizi ndizo zinazorukwa, na ndizo zinazoamua. Feni yoyote ile haizibui rejeta wala haifufui gasketi. Kuifunga kwenye gari lenye maradhi hayo ni kununua miezi michache kwa bei ya injini.

Kufunga feni

Kwenye injini za familia ya L kama hii, nati nne zinazoshika klachi ya feni ndizo hizo hizo zinazoshika puli ya wota pampu. Feni ikitoka, puli inabaki na lazima ibanwe upya kwa nati na washa zinazoijaza nafasi iliyoachwa. Ikilegea, mkanda unaruka, na oltaneta na mzunguko wa maji vyote vinasimama.

Feni mpya ilikuwa ya inchi 16, ya kuvuta, ikawekwa nyuma ya rejeta. Ya kusukuma, ile inayokaa mbele, huziba sehemu ya upepo wa barabarani. Ilishikwa na fremu ya bati iliyofungwa kwenye mabano ya rejeta. Zile pini za plastiki zinazopitishwa katikati ya mapezi zilitupwa. Kwa mtikisiko wa barabara zetu zinakula mirija mpaka itoboke. Kava la bati lilifunika uso wote wa rejeta, na hilo ni jambo kubwa. Bila kava, feni ya duara huvuta hewa kupitia duara lake tu, na pembe nne za rejeta zinabaki bila kazi.

Umeme ndio moyo wa kazi

Feni hii hula ampea 20 ikizunguka, na mara mbili hadi tatu ya hizo inapoanza. Mzigo huo haupitishwi kwenye swichi ya dashibodi. Ulipewa rilei ya ampea 40: pini 30 ikaletewa waya kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, pini 87 ikaenda kwenye feni, 86 ikapata umeme wa swichi ya ufunguo, na 85 ikaenda kwenye swichi ya joto inayoipeleka ethi.

Unene wa waya una hesabu yake. Kutoka betri hadi feni na kurudi ilikuwa mita 4. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, unapoteza karibu volti 0.9, na joto la wati 18 linabaki ndani ya waya. Wa 6 unapoteza volti 0.23. Fundi alitumia wa 6, akabana vichwa vyake kwa koleo maalumu badala ya kusokota na kuzungushia tepu. Nilionyeshwa soketi ya rilei iliyotoka kwenye gari jingine: shimo la 87 limegeuka kahawia na plastiki imeyeyuka, yote kwa sababu ya kiungo kilicholegea.

Swichi ya joto ilikaa kwenye mpira wa juu wa rejeta, ikiwasha nyuzi 95 na kuzima 88. Themostati ya gari hili hufunguka kwenye 82. Mpangilio huo ni wa lazima: swichi ikizima chini ya joto la themostati, feni haitapumzika kamwe. Waya wa pili ulitoka kwenye kiyoyozi, ili kikiwashwa feni ianze papo hapo.

Oltaneta ilikuwa ya ampea 60, na gari likiwa limesimama haitoi zote. Usiku wa mvua kwenye foleni, feni 20, taa kubwa 9, wipa 5 na bloa 10 zinafika 44. Mafundi hukimbilia kubadilisha oltaneta, lakini ya injini hii imebeba mgongoni pampu ya vakyumu ya breki. Isiyo na pampu hiyo inaliacha gari na breki nzito. Hapa ile ya asili iliachwa baada ya volti kupimwa mizigo yote ikiwa imewashwa.

Nani afanye, nani aache

Kwa gari la foleni na safari nyepesi, badiliko hili ni zuri. Kwa pikapu inayopanda mlima wa Kitonga na tani moja mgongoni, ningemshauri mwenyewe anunue klachi mpya ya feni. Kwenye gia ya pili mizunguko iko juu, na feni ya mkanda huvuta hewa ambayo feni nyingi za umeme hazifikii.

Atakayebadilisha aongeze vitu viwili: taa ndogo kwenye dashibodi inayochukua umeme kutoka pini 87, na swichi ya kuwasha feni kwa mkono. Klachi ya feni hudhoofika polepole. Fyuzi hukatika kimya kimya. Taa isipowaka wakati geji imepanda, dereva anajua pa kuanzia, na anasimama kabla silinda hedi haijapinda.