Tepe za Chokoleti Kando ya Tanganyika

Katika mapambo yote ya keki ya harusi, ninayoyapenda kuliko mengine ni ya tepe: chokoleti ya kufinyangia, au fondanti, husukumwa ikawa nyembamba, ikakatwa mistari mirefu, kisha mistari hiyo ikapangwa mmoja juu ya ukingo wa mwingine mpaka ghorofa nzima ivikwe. Ni ufundi unaojua kuishi na joto, na ndiyo sababu nauona umefaa mno Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika.

Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mwili wa mtu una 37. Chokoleti tupu, basi, haivumilii kiganja. Fundi huiyeyusha, akaichanganya na glukosi nzito: kwa chokoleti nyeusi, sehemu mbili kwa moja; kwa nyeupe, ambayo haina unga wa kakao, glukosi hupunguzwa. Mchanganyiko hufungwa kwenye plastiki ukalala hadi kesho yake. Asubuhi hukandwa kidogo tu, kwa ncha za vidole, maana ukikandwa sana mafuta hujitenga na donge likaanza kung'aa vibaya. Fondanti haiyeyuki hivyo. Hiyo ni sukari, na adui wake ni unyevu. Masika yakiingia ziwani, uso wake hunata na kutoa jasho.

Mtu anayetaka keki laini kama yai hulazimika kuifunika kwa shuka moja kubwa la fondanti. Shuka hilo halisamehe: likichanika pembeni au likikunjamana, kila mgeni ataona. Linahitaji chumba baridi, na baridi inahitaji umeme usiokatika. Utepe hauna masharti hayo. Fundi huamka kabla ya jua, akasukuma donge dogo, akakata tepe chache, akazifunika zilizobaki zisikauke, akabandika zilizo mkononi. Jua likipanda, anaacha. Jioni anaendelea alipoishia, na hakuna atakayetambua mahali alipopumzika.

Ubandikaji wenyewe hufuata sheria ya mwezekaji wa nyasi: huanza chini, kwenye upenu, akapanda, ili kila safu ya juu ilalie ile iliyotangulia. Safu ya kwanza ndiyo ngumu. Ikipinda kidogo, zote zitapinda, kwa hiyo fundi makini huzungusha keki na kuipima kwa rula kabla ya kugusa chochote. Kwa fondanti, brashi yenye maji machache hutosha. Yakizidi, sukari huyeyuka na utepe huteleza. Chokoleti hushikwa na krimu iliyopakwa chini yake. Kila utepe huonekana ukingo wake tu, na sehemu kubwa ya kazi hufichwa na kazi iliyofuata. Napenda sana jambo hilo. Napenda pia kingo zinapoachwa zilivyochanika, zisikatwe kwa kisu, kwa sababu hapo mkono wa mtu huonekana.

Rangi nayo ina hesabu yake. Fundi hutia rangi donge moja, akaanza na tepe za rangi nzito chini, kisha kwa kila safu huongeza donge jeupe kidogo, mpaka kileleni rangi iwe imefifia kabisa.

Kakao nyingi ya Kongo huvunwa mbali kaskazini, Beni na Mambasa, na sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa punje kavu. Chokoleti nyingi inayofika Kalemie imeshapita viwanda vya ng'ambo, na bidhaa nyingi za mjini huvushwa kwa boti kutoka Kigoma. Nchi inayolima kakao inanunua chokoleti kama mgeni! Hilo linaniuma, na linanifanya nimheshimu zaidi anayeishika bila kupoteza hata kipande: mabaki ya tepe hukusanywa, hukandwa upya, yakawa maua.

Keki ya ghorofa haibebwi ikiwa imesimama. Ndani ya kila ghorofa ya chini huchomekwa vijiti vilivyokatwa sawasawa na kimo chake. Vijiti hivyo ndivyo vinavyobeba kibao cha ghorofa inayofuata, wala si keki yenyewe. Ghorofa husafirishwa moja moja kwenye barabara yenye mashimo, zikapandishwa ukumbini. Fundi huja na boksi la tepe za akiba, na safu ya mwisho, ile inayoziba kiungo kati ya ghorofa na ghorofa, huibandika hapohapo, wapiga muziki wakifunga spika zao.