Mfalme na Mavuno Yake

Amri Athumani, ambaye wengi walimjua kwa jina la King Majuto, alizaliwa mwaka 1948 na kufariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Alichekesha watu jukwaani kwanza, halafu katika kanda za video na diski. Hata hapa Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga karibu na Ifakara, watoto waliiga sauti yake.

Wako wanaosema kuwa kazi yake ilikuwa rahisi, kwani alijiigiza mwenyewe. Mimi sikubaliani nao. Katika vichekesho vya namna ile, aghalabu waigizaji hupewa kisa tu, maneno huyabuni papo hapo. Kwa hiyo yeye alikuwa mwigizaji na mtunzi kwa pamoja. Alipoigiza mzee mroho, hakumfanya mpumbavu. Alimvika heshima zote za utu uzima, kisha akaiacha tamaa imvue moja baada ya nyingine. Tulicheka kwa sababu mzee huyo tulimfahamu. Kasoro ni kwamba filamu nyingi zilimwegemea yeye mno, kisa chenyewe kikalegea.

Sura ikionekana kila mahali, mtazamaji hudhani kuna utajiri nyuma yake. Lakini wasanii wengi wa filamu zetu waliuza kazi zao kwa malipo ya mara moja, na nakala zilizouzwa baadaye hazikuwaongezea senti. Sisi wa bonde la Kilombero hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tunamjua mkulima anayeuza mpunga ungali shambani kwa sababu mtoto anaumwa; siku ya mavuno huwa mpita njia katika shamba lake mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, lakini sheria haimsomei mkataba mtu mwenye shida ya leo.

Majuto alipougua alipelekwa India kwa matibabu mwaka 2018, na mikataba ya kazi zake ikajadiliwa hadi serikalini. Mjadala huo ulikuja amelala kitandani, baada ya miaka mingi ya kicheko.

Ndiyo maana naona mhakiki asiishie kusifu kipaji. Aulize pia nani alivuna. Jina la mfalme tulimwitikia sisi watazamaji, na halikutugharimu kitu.