Kufuta Alama za Soli kwenye Terazo

Korido ya nyumbani kwetu ina sakafu ya terazo, na muhula wa shule ukifika katikati huwa imejaa michirizi myeusi ya viatu. Tulideki kwa maji ya moto na sabuni, ikang'aa kote isipokuwa penye michirizi. Safari hii nilipiga magoti nikaichunguza kwanza.

Nilipitisha ukucha juu ya mchirizi mmoja. Haukukwama kwenye ufa wala mfereji. Uliparuza kitu kilichotuna kidogo, na chembe nyeusi ikabaki chini ya ukucha. Basi sakafu haikuwa na jeraha, ilikuwa imebandikwa kitu. Soli nyeusi ni mpira uliotiwa masizi laini ya kaboni ili uwe imara. Mtoto akiburuza mguu, msuguano huupasha mpira joto, utando mwembamba ukameguka na kuganda sakafuni. Mpira hauyeyuki kwa maji, ndiyo maana dekio lilikuwa likipita juu yake bure.

Nilichukua kifutio cha penseli, kikavu, juu ya sakafu kavu, nikasugua kwa mkono mwepesi kufuata urefu wa mchirizi. Muda si mrefu vikatoka vijinyuzi vyeusi vilivyojiviringa, kama vinavyobaki kwenye daftari la hesabu. Michirizi mingi iliisha hivyo. Ile sugu niliipaka bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo ikawa kama uji mzito, nikasugua kwa tambara la pamba, kisha nikasuuza mara mbili, kwani soda ikikauka huacha ukungu mweupe.

Sikugusa waya wa kusugulia sufuria. Terazo ya kwetu ni chembe za marumaru ndani ya saruji. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru iko kama 3, na bekingi soda kama 2.5, hivyo soda haiwezi kuichora kirahisi. Chuma ni kigumu kuliko marumaru: huichubua, na vinyuzi vyake vikilowa huacha kutu.

Karibu na mlango kuna baka lililofifia, upana wa kiganja. Hilo halikuletwa na kiatu. Ni ndimu niliyoikamulia hapo miaka iliyopita. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na asidi huila. Mng'ao wake haurudi kwa sabuni, mpaka fundi apige msasa upya.

Kwenye sakafu ya saruji nyekundu, mchirizi hukaa juu ya nta: futa, kisha paka nta tena. Zulia la plastiki ndilo la kuhurumia zaidi, kwani mpira ukilikalia muda mrefu hulipenyeza umanjano usiotoka.

Korido iliisha asubuhi ileile. Kifutio sasa kinakaa juu ya kabati la viatu, na mchirizi mpya hufutwa siku hiyohiyo, kabla nyayo hazijaushindilia.