Mwembe juu ya bati: bei ya mti huanzia getini

Mafundi wengi wa miti Dar es Salaam hutaja bei huku wakitazama juu. Wanapima urefu kwa macho, wanakadiria unene wa shina, wanatamka "laki tatu, bosi", na panga linachomolewa. Fundi niliyemfuatilia Tabata mwezi Februari, masika yakikaribia, alianza chini. Mama mwenye nyumba alimwonyesha mwembe uliolalia bati la jiko la nje, akataka kujua ni shilingi ngapi kuung'oa wote.

"Shikamoo mama. Kwanza naomba nilione geti."

"Marahaba. Geti linahusikaje na mwembe, mwanangu?"

"Mwembe utatokea hapo hapo, mama."

Geti lilipitisha kirikuu, Canter lisingepita. Kutoka kwenye mwembe hadi getini ni kama mita thelathini, katikati kuna karo la kufulia, tangi la maji na kibaraza cha vigae. Kila kitakachokatwa kitabebwa mikononi au mabegani kuvuka hapo. Fundi aliyaandika hayo kwenye daftari kabla hajauinulia mti uso, na naamini hapo ndipo kazi yote ilipoamuliwa.

Mti wenyewe ulikuwa na matawi makubwa manne. Moja, lenye unene wa sentimita arobaini pale lilipotokea shinani, lilikuwa limelala moja kwa moja juu ya jiko. La pili lilielekea barabarani na ncha zake zilikuwa zinaugusa waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani. Mawili mengine yalitanda uani, juu ya kivuli ambamo familia hukaa mchana. Fundi aligonga shina kwa mgongo wa panga, akizunguka polepole kutoka usawa wa goti hadi usawa wa kifua. Mti uliooza ndani hujibu kwa sauti ya ngoma. Huu ulijibu kwa sauti kavu ya mti mzima. Akafukua udongo kidogo kwenye mizizi kutafuta uyoga na mchwa, hakuona. Ndipo akamwambia mama kwamba hakuna sababu ya kuung'oa: liondolewe tawi la jikoni, lipunguzwe la barabarani, mengine yaachwe.

Wapo watakaosema alijinyima pesa, maana kung'oa kunalipa zaidi. Mimi naona alifanya biashara. Mti uliong'olewa haumrudishi fundi. Mti uliobaki unahitaji mkono kila mwaka.

Suala la umeme lilimalizwa kwa simu. Mama alipiga TANESCO na kazi upande ule ikasubiri hadi waya ulipokatwa kwenye nguzo. Hapa sina la kuongeza ila kukumbusha kwamba tawi bichi limejaa maji na hupitisha umeme, na kwamba panga lenye mpini wa mbao halimkingi mtu. Vijana wanaopanda "mara moja tu, tutakuwa makini" huwa wanasema hivyo kila mara.

Sasa tuje kwenye kamba, ambako ndiko ufundi ulipo.

Gogo la mwembe mbichi lenye unene wa sentimita arobaini na urefu wa mita moja na nusu lina uzito wa karibu kilo mia na themanini. Ukiliachia likadondoka juu ya bati, bati, mbao za paa na sufuria za jikoni vyote vinakwenda. Vijana wawili wakilishika kwa mikono mitupu, kamba itawachuna viganja na gogo litashuka litakavyo. Fundi alipitisha kamba kwenye panda ya tawi mojawapo la uani, juu kabisa ya lile linalokatwa, kisha akaishusha hadi kwenye mnazi uliosimama pembeni ya ua, mbali na mahali gogo litakapotua. Kwenye shina la mnazi aliizungusha mara mbili kamili, na ncha akamkabidhi kibarua mmoja tu.

Mizunguko hiyo miwili ndiyo siri. Msuguano wa kamba kwenye shina hufanya kazi kwa kuzidisha: kwa kamba ya kawaida na gome la kawaida, kila mzunguko mmoja kamili hupunguza mzigo takriban mara nne hadi tano. Kilo mia na themanini baada ya mzunguko wa kwanza zinabaki kama thelathini na saba, baada ya wa pili kama nane. Kilo nane hata mtoto wa shule anazishika. Ukiongeza wa tatu zinabaki kilo mbili hivi, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kuwa mizunguko mingi ni usalama zaidi. Kamba inagoma. Gogo linaning'inia juu ya jiko, halipandi wala halishuki, na mtu anaanza kulisukuma kwa ngazi. Kibarua wa mnazini aliambiwa neno moja: alegeze, asivute. Kila alipolegeza, kamba ilitambaa kwa mwendo wa kobe na gogo likashuka.

Panda ya juu nayo ilichaguliwa kwa hesabu. Inabeba uzito wa gogo pamoja na mvuto wa upande wa pili wa kamba, kwa hiyo haitoshi iweze kubeba gogo peke yake. Na ilikuwa lazima iwe juu ya mkato. Kamba iliyokwisha kukazwa kabla tawi halijakatika hupokea mzigo taratibu. Kamba iliyofungwa chini ya mkato huacha gogo lidondoke kwanza, kisha ilidake kwa kishindo, na kishindo hicho kinaweza kuwa mara kadhaa ya uzito wenyewe. Kamba nyingi zinazokatika kwenye kazi hizi hukatikia hapo, na mwenye kazi hulaumu duka aliponunulia.

Kamba ya pili, nyembamba, ilifungwa upande wa ncha ya kila kipande. Hiyo haibebi chochote. Kibarua wa pili aliivuta kutoka uani ili kipande kigeuke, kitoke juu ya bati na kushukia kwenye uwazi kati ya karo na tangi. Kazi ilianzia kwenye ncha, matawi madogo kwanza, ikirudi kuelekea shinani. Kila kipande kilikatwa chini kwanza, robo hivi ya unene, kisha juu, hatua moja mbele kuelekea nchani. Mkato wa chini unazuia tawi lisichanike na kuvua gome la shina zima linapodondoka. Ukipita mitaani utaona miembe yenye makovu marefu kama ulimi; hiyo ilikatwa juu tu.

Mkato wa mwisho, ule wa shinani, ulifanywa polepole kuliko yote. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe wa mviringo. Fundi aliuacha uvimbe, akakata nje yake kidogo. Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi katika Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa urefu kuona kinachotokea ndani baada ya jeraha. Alichoonyesha ni kwamba mti hauponyi kidonda jinsi mwili wa mtu unavyofanya. Huifungia sehemu iliyoharibika kwa kuta zake, kisha huendelea kukua juu yake, na ule uvimbe ni sehemu ya ulinzi huo. Ukiukata ili shina lionekane laini, umeufungulia uozo mlango. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakusaidii, ingawa wateja hupenda kuiona na wapo mafundi wanaoitoza.

Chokaa ni jambo jingine. Gome lililokaa kivulini miaka yote likipigwa na jua la Dar ghafla huungua na kupasuka, na mwembe ni dhaifu upande huo. Ndoo ya chokaa iliyopakwa kwenye shina na matawi yaliyobaki wazi inatosha. Hii fundi hakuifanya mpaka mama alipouliza kuhusu rangi, na nadhani ingepaswa kuwa kwenye orodha yake tangu mwanzo, hasa kwa kuwa aliondoa sehemu kubwa ya majani kwa siku mbili. Wataalamu wengi hushauri usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mkubwa kwa mara moja. Yeye aliufikia mpaka huo, kama hakuuvuka.

Msumeno ulisumbua mara moja. Cheni ilipofika karibu na shina, unga wa mbao uliokuwa unaruka kama vipande vidogo ukageuka vumbi jepesi, na msumeno ukaanza kupinda mkato. Dalili hiyo haina mjadala: meno yamekufa. Ndani ya tawi kulikuwa na msumari wa zamani wa kufungia kamba ya kuanikia nguo, gome limeshaumeza. Nusu saa ilikwenda kwenye tupa. Miti ya majumbani imejaa vitu hivi, na ile ya barabarani imejaa misumari ya mabango ya waganga, kwa hiyo fundi anayepiga bei bila kuhesabu cheni anamlipia mganga matangazo. Kuhusu mafuta, mashine yake hutumia mililita ishirini za oili kwa kila lita ya petroli, na alikuwa na chupa yenye alama. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakoua pistoni.

Kisha takataka. Tawi moja kubwa la mwembe likishuka, ua unapotea. Majani na vitawi ni hewa tupu. Vikirundikwa ovyo kirikuu kinajaa na uzito haujafika popote. Kibarua mmoja alikaa siku nzima na panga akikatakata vitawi vifupi na kuvilaza upande mmoja, na kwa kazi hiyo safari zilikuwa nne badala ya sita au saba zilizokadiriwa mwanzoni. Magogo yalibaki kwa mama, ambaye jiko lake la nje hutumia kuni. Uamuzi huo ulimwondolea fundi balaa jingine, kwa sababu Sheria ya Misitu ya 2002 ina utaratibu wa hati za kusafirishia mazao ya misitu, na askari wa kizuizini hana njia ya kujua kwamba gogo limetoka uani kwa mtu.

Daftari lilisomeka hivi. Mpandaji msaidizi, siku mbili, laki moja. Vibarua wawili, siku mbili, laki moja. Kirikuu, safari nne hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, laki moja na arobaini elfu. Petroli na oili, elfu arobaini na tano. Chakula na nauli, elfu arobaini. Jumla laki nne na ishirini na tano elfu. Bei aliyotoza ni laki sita, nusu ililipwa kabla kamba haijapanda na nusu iliyobaki kirikuu cha mwisho kikiwa bado getini. Hilo la mwisho halikuwa bahati. Ua ukishafagiwa, mteja huanza kukumbuka ada za shule.

Mstari mkubwa kuliko yote ni kirikuu. Kimezidi alicholipwa aliyening'inia juu ya bati, na kimezidi mafuta mara tatu. Kulikuwa na fundi mwingine aliyesema laki tatu kwa kazi hiyo hiyo, na ukiitoa ile laki na arobaini bei yake inaingia akilini: gharama zinashuka hadi laki mbili na themanini na tano, anabaki na elfu kumi na tano, na majani yanabaki kwa mama. Kwa hiyo alikuwa anauza kazi nyingine kabisa kwa jina lile lile. Fundi mwenye bei ya juu anapaswa kulisema hilo kwa mteja waziwazi, tena kwa maandishi: bei hii ni pamoja na kuzoa. Huyu alilisema kwa mdomo tu, na mama alibishana naye kwa muda kabla ya kukubali.

Mambo mawili hayakuwamo kwenye daftari na yalipaswa kuwamo. La kwanza ni mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kiwango ni nusu asilimia ya mishahara. Kwa malipo ya laki mbili ya watu wale watatu ni shilingi elfu moja, chini ya bei ya sahani ya wali wa mchana, kwa kazi ambayo mtu mmoja yuko juu na msumeno na wengine wako chini ya magogo. Mafundi wadogo wengi hawajajisajili kwa kuwa wanawaita watu wao vibarua, lakini mguu ukivunjika jina hilo halilipi hospitali.

La pili ni kamba. Ile laki moja na sabini na tano iliyobaki fundi aliiita faida, na humo ndimo ulimo ujira wake mwenyewe, cheni iliyoliwa na msumari, na kamba iliyosuguliwa kwenye mnazi siku mbili mfululizo. Nailoni inayosuguka huyeyuka kidogo juu na kuwa ngumu kama plastiki. Niliipitisha kidoleni jioni ile na karibu mita mbili zilikuwa tayari zinakwaruza. Kipande hicho hakifai tena kubeba mtu wala gogo. Alikikata akakifanya kamba ya kufungia mzigo kwenye kirikuu, na kamba iliyobaki ikawa fupi kwa mita mbili kuliko ilivyoingia getini.