Picha za Mwisho wa Mkanda

Mzee mmoja mpiga picha wa Gongoni, hapa Tabora, hulitumia neno selfi kwa dharau. Nilimkuta uani akijipiga picha. Kamera ilikuwa juu ya stendi ya miguu mitatu, na kwenye kigoda alikuwa ameegesha ufagio ili lenzi ipate cha kulenga. Akautoa ufagio, akavuta kijiti cha kuchelewesha, kamera ikaanza kunguruma. Hakukimbia. Alikwenda, akakaa, akaiweka sawa kanzu, akatulia. Yote hayo kwa sekunde kama kumi.

“Babu, kwa nini usimwite kijana akupigie?”

“Kijana atapiga nguo,” akanijibu.

Ufundi huu alifundishwa na uhaba. Mkanda ulikuwa na picha 36, na siku ya wateja wachache haukuisha. Kuukata ni hasara, kuungoja ni kuwachelewesha wenye haraka ya paspoti. Basi akaumalizia sura yake mwenyewe. Samuel Fosso naye alianza hivyohivyo mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati: alifungua studio mwaka 1975 akiwa na miaka 13, akawa anamalizia mikanda kwa kujipiga na kumtumia bibi yake Nigeria. Picha za Fosso leo zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Za mzee wetu zimo kwenye kopo la biskuti.

Alinifungulia kopo hilo. Katika moja kavaa suruali ya bugaluu, nywele zimechanwa zikasimama. Katika nyingine redio iko mapajani, nayo kaishika kama mtoto wa kwanza. Iliyonikalisha kimya ni ya mwaka aliofiwa na mkewe: yuko kwenye kiti chake, na pembeni kuna kiti kitupu ambacho hakukiondoa. Katika zote hatabasamu. Anasema tabasamu huisha kabla kamera haijalia.

Watu wa Tabora, mji wa njia ya misafara, walipigwa picha zamani, ila si kwa matakwa yao. Kalulu, mvulana mtumwa, alitolewa zawadi kwa Stanley, msafiri wa Kizungu, hapahapa mjini mwaka 1871. Mwaka uliofuata alisimamishwa katika studio ya London pamoja na bwana wake aliyevaa mavazi ya safari, mbele ya pori la kuigiza. Avae nini, asimame vipi, atazame wapi: waliamua wengine. Mwaka 1877 alikufa maji katika Mto Kongo, bado kijana. Nikikumbuka hilo, kigoda cha uani Gongoni nakiona ni kiti cha enzi.

Siku hizi mzee anauagiza mkanda Dar es Salaam, na kusafisha ni hukohuko. Wajukuu wanajipiga picha mia kwa jioni moja, wanazipitisha kwenye programu ya kutakatisha ngozi, na simu ikiibwa stendi, sura za mwaka mzima zimekwenda. Wengine hata hawaulizii.

Vijana, simu zenu zina kipima muda. Iegesheni mahali, mkae mbele yake na sura mliyozaliwa nayo, kisha picha moja tu ipelekeni ikachapwe kwenye karatasi, nyuma muandike jina na mwaka.