Kupanda Kitulo kwa pikipiki ya cc 150

Kutoka Chimala, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, milima inasimama upande wa kusini kama ukuta. Njia inayoupanda ukuta huo hadi Matamba, wilayani Makete, wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Huko juu ndiko Kitulo: mabonde ya nyasi na maua kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wengi hudhani kwamba kupita huko kunataka pikipiki kubwa. Hakutaki. Pikipiki ya cc 150, ile ile ya bodaboda, inatosha kabisa, mradi dereva achague upande sahihi wa kupandia na ajue mwinuko unaifanya nini injini.

Kwenye mita 2,600, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 73 ya ile ya usawa wa bahari. Injini yenye nguvu za farasi 12 ikiwa Dar es Salaam hubaki na kama 9 ikifika Kitulo, hata kama imetoka kwa fundi jana. Hapo ni kabla ya kupakia abiria na mzigo.

Upungufu huo una tatizo la pili. Kabureta iliyorekebishwa pwani huendelea kumwaga petroli karibu kiasi kile kile wakati hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unazidi petroli. Dalili zake ni wazi: ekzosi inatoa moshi mweusi, injini inamisi dereva akivuta mafuta kwa ghafla, na plagi ikifunguliwa inakutwa na masizi makavu. Tiba ni ndogo. Fundi husafisha chujio la hewa kwanza, maana vumbi la njiani nalo linanyima hewa, kisha hushusha sindano ya kabureta ngazi moja kwa zile zinazorekebishika. Pikipiki zenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta hazihitaji kuguswa. Kihisi chake hupima kanieneo ya hewa na kupunguza petroli chenyewe.

Swali kubwa zaidi ni la uelekeo. Kitulo ina mlango mwingine upande wa magharibi, Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Isyonje yenyewe iko juu, ndani ya milima ya Poroto, kwa hiyo kutoka Kitulo kwenda huko mteremko si mkali kama wa Chimala. Anayepandia Chimala na kutokea Isyonje anaukabidhi mwinuko mkali kwa injini. Anayekwenda kinyume anaukabidhi kwa breki.

Hesabu yake inaonyesha tofauti hiyo. Pikipiki, dereva na abiria wenye jumla ya kilo 250 wakishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha lita saba hivi za maji ya kawaida. Sehemu kubwa ikiishia kwenye breki ya ngoma ya gurudumu la nyuma, ngoma hupata moto na viatu vya breki hupoteza mshiko, kona bado zikiwa nyingi mbele. Ndiyo maana tabia ya kutelemka kwa fri ili kubana petroli ni ya hatari sana hapa. Anayelazimika kushukia Chimala ashuke na gia ile ile ambayo angepandia, aiache injini ifanye kazi ya kuzuia, na asimame kila baada ya kona kadhaa ili ngoma ipoe.

Kupanda nako kuna ufundi wake. Kwa kuwa Tanzania huendesha upande wa kushoto, kona ya kushoto humweka dereva upande wa ndani, na ndani ndiko kwenye mwinuko mkali kuliko kote. Gia inashushwa kabla ya kona, si katikati yake. Akibana klachi huku pikipiki imelala, nguvu inakatika, pikipiki inasimama na kurudi nyuma. Macho yatangulie pale kona inapoishia, na honi ipigwe mapema, kwa sababu lori la viazi linaloshuka huhitaji karibu barabara yote ili ligeuke. Abiria asogee mbele mpaka amguse dereva. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hautii.

Msimu nao una bei yake. Maua ya Kitulo huchanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati wa mvua, njia za udongo zikiwa utelezi mtupu. Juni na Julai njia ni kavu, lakini kuna baridi kali na alfajiri nyasi huweza kuganda kwa jalidi. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki, kwa hiyo glavu nzito ni kifaa cha usalama. Anayefuata maua apande asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajakusanyika.

Na abaki barabarani. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Mizizi ya okidi zake ilikuwa ikichimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya kupika chikanda, chakula kinachotokana na mizizi hiyo. Tairi moja likikatiza nyasi zilizolowa huacha mfereji ambao mvua inayofuata huuchimba zaidi.

Kazi ya mwisho ni ya spana. Kutoka Isyonje barabara inateremka kupitia Tukuyu hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi. Sindano iliyoshushwa kwa ajili ya Kitulo ikiachwa hivyo hivyo, huko chini mchanganyiko utakosa petroli, injini itapata joto kupita kiasi na pistoni inaweza kuungua. Irudishwe mahali pake Tukuyu, kabla joto la Kyela halijaanza.