Posta ya Kale ya Lamu

Msomaji, ukifika Lamu usiipite nyumba iitwayo Posta ya Wajerumani bila ya kuitazama vema. Wajerumani waliifungua posta yao tarehe 22 Novemba, 1888, kwa kuwa Lamu ilikuwa bandari ya kwendea Witu, nchi waliyoitia katika himaya yao mwaka 1885. Lakini kwa mkataba wa mwaka 1890 waliwaachia Waingereza nchi hiyo, na tarehe 31 Machi, 1891, posta ikafungwa. Haikutimiza hata miaka mitatu.

Mwaka 1996 nyumba hiyo ilifanywa makumbusho. Kuihifadhi ni jambo jema. Ila jina lake lina upungufu, maana lamtaja mgeni na kumsahau mwenyeji. Nyumba za mawe za Lamu, nayo ikiwa mojawapo, ni kazi ya mafundi wa pwani: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Basi ukiisha kuzitazama picha za wageni, inua macho uitazame na dari. Huo pia ni urithi, nao wastahili kutajwa mlangoni.